Sura ya Tatu: Bi Lisa wa Madrid

Katika jumba la makumbusho la Prado, jijini Madrid, palikuwa na picha ambayo kwa miaka mingi wageni waliipita bila kusimama. Ilimwonyesha mwanamke ameketi, mkono mmoja juu ya mwingine, anatabasamu kidogo, na nyuma yake weusi mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Aliyeitazama alitambua mara moja kwamba ni nakala ya Mona Lisa. Ilikuwa katika mali ya wafalme wa Uhispania tangu karne ya 17, na wajuzi wa sanaa waliihesabu kuwa moja tu kati ya nakala nyingi zilizotapakaa Ulaya: kazi ya fundi asiye na jina, labda wa kaskazini, aliyeiga kitu kilichokwisha kuwa mashuhuri.

Kisha Louvre, jumba la makumbusho la Paris lenye Mona Lisa yenyewe, wakaomba waiazime kwa maonyesho ya mwaka 2012, na kabla ya kuitoa wahifadhi wa Prado wakaichunguza. Miale ya infraredi ilipopenya ule weusi, chini yake zikajitokeza safu za milima, maji, na njia inayopinda kati ya miamba. Weusi ulikuwa umepakwa juu ya mandhari nzima, si chini ya miaka mia mbili baada ya picha kutengenezwa, kwa sababu ambazo mpakaji alikwenda nazo. Wahifadhi waliuondoa kidogo kidogo, pamoja na vanishi iliyogeuka manjano. Alipotoka chini yake, Bi Lisa wa Madrid alikuwa na mikono ya gauni yenye wekundu mkali, mtandio unaopitisha mwanga, nyusi, na uso wa kijana.

Magazeti yaliandika juu ya rangi. Jambo zito zaidi lilikuwa chini ya rangi, katika mchoro wa awali, na ndilo lililowafanya wataalamu wa Madrid na Paris kukaa meza moja. Kwenye ubao wa Louvre, Leonardo da Vinci alibadili mawazo mara kadhaa alipokuwa akiendelea: alisogeza vidole, akarekebisha mstari wa kiuno, akahamisha ukingo wa mtandio na umbo la kichwa. Mabadiliko hayo yamefunikwa na rangi za juu, na mtu aliyesimama mbele ya picha iliyokamilika hawezi kuyaona. Lakini ubao wa Madrid una mabadiliko yale yale, mahali pale pale. Mwigaji wa baadaye asingeweza kuyaiga, maana asingejua kwamba yapo. Aliyepaka picha ya Madrid alikuwa chumba kimoja na Leonardo. Mwalimu aliposogeza kidole, naye akasogeza.

Sura hii ni habari za chumba hicho. Tabasamu la Bi Lisa limekwisha kuandikiwa vya kutosha, nami sitaongeza kurasa. Nataka kueleza kazi: mti upi ulikatwa, nani alisaga rangi, mafuta yalitayarishwaje, na kwa nini uso mmoja ulimshika fundi kwa miaka. Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu akiyajua haya humwona Leonardo mkubwa zaidi kuliko anapoambiwa tu kwamba alikuwa na kipaji cha ajabu.

Mchoraji wa Florence katika karne ya 15 alikuwa na karakana, na karakana ilikuwa biashara. Ilikuwa chini, mlango unatazama barabara, wateja wanaingia na kutoka. Humo mlitoka picha za altare, bendera za maandamano, masanduku ya maharusi yaliyopakwa rangi, ngao, na picha za sura. Kwa mujibu wa sheria za mji, wachoraji walikuwa ndani ya chama kimoja na waganga na wauza dawa. Msomaji wa leo anaweza kushangaa, lakini rangi ziliuzwa katika duka lile lile lililouza dawa na viungo, zikipimwa kwa mizani ile ile. Muuza dawa alijua risasi, zebaki, kiberiti na utomvu wa miti. Mchoraji alikuwa mteja wake wa kila wiki.

Mtoto aliingia karakanani akiwa na miaka kumi na kitu, mara nyingine chini ya hapo. Cennino Cennini, mchoraji wa Toscana aliyeandika kitabu cha ufundi huu yapata mwaka 1400, anataja muda bila huruma: mwaka mmoja wa kuchora tu kwenye kibao kidogo, miaka sita ya kujifunza kusaga rangi, kuchemsha gundi, kupaka jasi na kubandika dhahabu, na miaka mingine sita ya kujifunza kupaka rangi, huku mwanagenzi akiendelea kuchora siku zote, hata sikukuu. Kuhusu zingefuri, ile rangi nyekundu ya zebaki na kiberiti, Cennini anasema ukiisaga kila siku kwa miaka ishirini itazidi kuwa nzuri. Ninapoyasoma maneno hayo nawawazia vijana waliokuwa wakisukuma jiwe juu ya jiwe tangu asubuhi. Majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia ya sanaa, lakini wekundu tunaousifu ni jasho lao.

Cennini ana jambo jingine ninalolipenda mno. Wakati wake rangi zilichanganywa na kiini cha yai, na anashauri kwamba kwa sura za vijana kitumike kiini cha yai la kuku wa mjini, kwa kuwa ni cheupe zaidi, na kwa sura za wazee au watu wenye ngozi nyeusi kitumike kiini cha kuku wa shamba, ambacho ni chekundu. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa ameyapasua mayai mengi sana akiyatazama. Elimu ya karakana ilikuwa ya namna hiyo: ya macho na vidole, ikipita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na sehemu kubwa yake haikuandikwa kamwe.

Buluu ilikuwa habari ya peke yake. Buluu bora ilitoka katika jiwe la lapisi lazuli, na jiwe lilitoka Badakhshan, milimani mwa Afghanistan, likivushwa nchi na bahari hadi Venice. Kulisaga hakutoshi, kwa sababu unga wake hutoka wa kijivu. Unga ulikandwa pamoja na nta na utomvu wa miti mpaka ukawa donge, donge likaachwa siku kadhaa, kisha likaminywaminywa ndani ya maji ya majivu. Buluu ikaachia na kuzama chini, uchafu ukabaki ndani ya nta. Minyo la kwanza lilitoa rangi ya thamani kuu, la pili hafifu, la mwisho karibu majivu matupu. Florence kazi hii ilisifika kwa watawa wa Gesuati, na wachoraji walinunua kwao. Mteja makini aliandika katika mkataba buluu ya bei gani itumike: mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alipoagizwa picha ya altare ya nyumba ya watoto yatima ya Innocenti kwa florini 115, mkataba ulitaka buluu ya takriban florini nne kwa aunsi. Mteja hakuogopa kwamba fundi hana kipaji. Aliogopa asije akapunja rangi.

Leonardo alikulia katika karakana ya Andrea del Verrocchio, mfua dhahabu, mchonga sanamu na mchoraji kwa pamoja. Picha ya Ubatizo wa Kristo iliyotoka humo, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Uffizi, inaonyesha wazi jinsi kazi ilivyogawanywa. Mwili wa Yohana ni wa mkono mmoja, malaika wa pembeni kushoto ni wa mkono mwingine, na huyo wa pili ni Leonardo kijana. Baadhi ya sehemu zimepakwa kwa yai na baadhi kwa mafuta. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji miongo kadhaa baadaye, anasimulia kwamba Verrocchio alipomwona yule malaika aliapa kutoshika tena brashi. Ni hadithi tamu, nami siiamini sana. Kumpa mwanafunzi malaika apake kulikuwa jambo la kila siku katika karakana, na bwana mwenye akili alifurahi kupata kijana wa kumpunguzia kazi.

Mwaka 1472 jina la Leonardo liliingia katika daftari la jumuiya ya wachoraji ya Mtakatifu Luka. Baadaye alihamia Milan, na huko mwaka 1490 akampokea mtoto wa miaka kumi aitwaye Gian Giacomo Caprotti. Daftari za Leonardo zinatuambia kwamba siku ya pili alimshonea shati mbili, suruali na koti, na mtoto akaiba pesa zilizotengwa kulipia nguo hizo. Alimpa jina la utani Salai, kwa maana ya shetani mdogo, akaishi naye zaidi ya miaka ishirini na mitano, akamfundisha kupaka rangi. Kijana wa pili aliye maarufu, Francesco Melzi, alikuwa wa nyumba ya watu wakubwa wa Milan, na alijiunga baadaye. Walikuwapo na wengine.

Kuna barua moja inayofungua mlango wa karakana hii kuliko kitabu chochote. Aprili 1501 padri Pietro da Novellara alimwandikia Isabella d'Este, mtawala wa Mantua, ambaye alikuwa akimsaka Leonardo amchoree. Padri alimweleza kwamba Leonardo anaishi bila mpango, siku kwa siku, ameshughulishwa na jometri, na kwamba vijana wake wawili wanatengeneza picha za sura, naye mara kwa mara anatia mkono katika mojawapo. Hiyo ni miaka miwili tu kabla ya picha yetu. Vijana wanapaka, bwana anapita, anachukua brashi, anarekebisha shavu, anaendelea na jometri yake.

Oktoba 1503 karani mmoja wa Florence, Agostino Vespucci, aliandika pembeni mwa kitabu chake cha Cicero kwamba Leonardo anatengeneza kichwa cha Lisa del Giocondo. Maandishi hayo yaligunduliwa Heidelberg mwaka 2005. Lisa Gherardini alikuwa na miaka ishirini na minne, mke wa Francesco del Giocondo, mfanyabiashara wa hariri. Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza.

Kwanza ubao. Ule wa Louvre ni wa mti wa mpopla, kipande kimoja bila kiungo, urefu wa sentimita 77 na upana wa 53, unene usiofika sentimita moja na nusu. Mpopla hukua kwa wingi kandokando ya mito ya Italia, hutoa mbao pana na bei yake ni ya chini. Ubaya wake ni ulaini: hujikunja unyevu ukibadilika, na wadudu huupenda. Ubao wa Bi Lisa umepinda, na una ufa unaoanza ukingo wa juu na kushuka hadi kwenye nywele zake. Mtu fulani zamani aliufunga ufa huo kwa nyuma kwa vipande vya mbao vilivyochongwa kiuno chembamba, kama maseremala wanavyofanya hadi leo. Pembeni mwa ubao, rangi inakoma kabla ya kufika ukingoni, na pale ilipokoma imejikusanya kuwa kituta kidogo. Kituta hicho kimemaliza ubishi wa muda mrefu kwamba picha ilikatwa pande zote mbili. Haikukatwa. Leonardo aliipaka kwa upana huu huu tunaouona.

Ubao wa Madrid ni wa mjozi, mgumu kuliko mpopla, wa bei kubwa zaidi, usiojikunja upesi. Mafundi waliokuwa karibu na Leonardo kule Milan waliupenda, na yeye mwenyewe aliutumia kwa picha ya bibi mwenye mnyama mweupe mikononi, iliyoko Kraków. Nakala ya bei rahisi haipakwi juu ya mjozi. Wala haipakwi kwa lapisi lazuli, na rangi hiyo imepatikana katika picha ya Madrid. Mtu alikuwa ameiagiza au alitarajiwa kuilipia vizuri.

Ubao ukishakauka vizuri, desturi ya Italia ilikuwa kuupaka gundi iliyochemshwa kutokana na vipande vya ngozi, kisha tabaka juu ya tabaka za jasi iliyochanganywa na gundi hiyo hiyo, kisha kukwangua hadi uso uwe laini. Hapa Leonardo aliiacha njia ya wazee wake. Chini ya Mona Lisa kuna tabaka nene la rangi nyeupe ya risasi ndani ya mafuta. Rangi hii ilitengenezwa kwa kuweka vipande vya risasi ndani ya vyungu vyenye siki, vyungu vikafukiwa kwenye samadi inayochemka yenyewe. Baada ya majuma kadhaa risasi ilivaa ganda jeupe, ganda likakwanguliwa na kusagwa. Ni sumu. Waliolisaga walilivuta puani na kulila kwa vidole bila kujua, na gharama ya weupe ule wa Renesansi ilikuwa pia afya ya watu.

Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya chembe ndogo kabisa ya tabaka hili, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, kutoka pembeni mwa picha ya Louvre, waliyoipiga eksirei kali. Ndani yake walikuta madini adimu ya risasi, plumbonakriti, ambayo hujitengeneza pale mafuta yanapokuwa yamechanganywa na unga wa oksidi ya risasi. Maana yake ni kwamba Leonardo, au kijana wake, aliweka mafuta motoni pamoja na unga ule wa rangi ya chungwa hadi yakawa mazito, yenye kukauka upesi. Madini hayo hayo yamepatikana katika chembe za Karamu ya Mwisho, ile picha ya ukutani ya Milan ambayo ilianza kumomonyoka Leonardo akiwa bado hai. Mkono uliokataa kanuni ulipata hasara ukutani na ukapata faida juu ya ubao. Alikuwa mtu wa kujaribu, na majaribio yake tunayaona yote mawili.

Baada ya weupe, mchoro. Karakana haikuchora sura moja kwa moja juu ya ubao. Bwana alichora kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule unaotakiwa, mistari ikatobolewa kwa sindano, karatasi ikalazwa juu ya ubao, na kifuko cha kitambaa chenye vumbi la mkaa kikapigwapigwa juu yake. Karatasi ikiondolewa, ubao una mstari wa nukta. Louvre wana karatasi ya namna hiyo ya Leonardo, sura ya Isabella d'Este kutoka ubavuni, na matundu yake bado yanaonekana. Karatasi moja iliweza kuzaa picha mbili au tatu, na hapo ndipo mbao mbili zinaweza kuanza safari siku moja. Yaliyofuata, yaani vidole vilivyosogezwa na kiuno kilichorekebishwa, hayakutoka kwenye matundu. Hayo yalikuja kazi ikiendelea.

Wakati huohuo mtu wa kuchorwa alipaswa kukaa mahali. Juu ya hili Leonardo aliandika kwa undani. Jua kali alilikataa, kwa kuwa hukata uso vipande viwili, mwanga na kivuli, na mpaka mkali katikati. Alitaka ua wenye kuta zilizopakwa nyeusi, juu pametandwa kitambaa cha kitani, au basi jioni, au siku ya mawingu. Alisema katika hali hiyo nyuso za wanaume na wanawake barabarani hupata upole wa pekee. Anayetaka kuelewa uso wa Bi Lisa aanzie hapa. Kabla ya ujanja wowote wa brashi, mwanga wenyewe ulikuwa umechaguliwa, na ule ukungu wa vivuli ulikuwepo tayari mbele ya macho ya mchoraji.

Namna alivyoanza kupaka tunaijua kwa sababu aliacha kazi nyingi nusu. Picha ya Mamajusi aliyoianza mwaka 1481 na kuitelekeza inaonyesha nyuso zikitoka kwenye giza la kahawia: kwanza aliweka vivuli vyote, rangi zingefuata. Wengi wa wakati wake walifanya kinyume, kila kitu rangi yake, kisha kukikoleza au kukipunguza kwa nyeupe na nyeusi. Kwa Leonardo nuru na kivuli vilitangulia, na rangi ya nguo, ngozi na mti ilikuja kuvaa juu yake.

Kilichomwezesha ni mafuta. Yai hukauka kwa dakika chache na haliruhusu rangi mbili kuingiana, hivyo fundi wa yai alijenga kivuli kwa mistari midogo midogo iliyopangana. Mafuta ya mbegu za kitani au ya jozi hayakauki kwa kupotea hewani. Hushika hewa na kugeuka ngozi ngumu, polepole, kwa siku au majuma. Leonardo alijishughulisha sana na mafuta ya jozi. Aliandika kwamba ganda jembamba linalofunika kokwa lazima limenywe kabla ya kukamua, la sivyo litakuja juu ya rangi baadaye na kuifanya nyeusi. Naweza kuiona meza ya karakana yake imejaa jozi zilizolowekwa, na Salai akizimenya.

Njia yake ya mwisho kabisa, ile inayoitwa sfumato, ilipimwa mwaka 2010. Kikundi cha watafiti wa Ufaransa kikiongozwa na Philippe Walter kilipeleka mashine ya eksirei ndani ya Louvre, kikapima nyuso katika picha saba za Leonardo bila kuzigusa. Katika uso wa Bi Lisa hawakuona mstari wa brashi. Waliona tando juu ya tando za mafuta yenye rangi kidogo mno, kila moja nyembamba kupita kiasi, na zote zikijumlishwa pale kivuli kilipo kizito zinafika takriban maikromita 40, chini ya unene wa unywele wa kawaida. Rangi iliyotia giza ni udongo wa kahawia wenye madini ya manganizi. Kivuli hukolea kadiri tando zinavyoongezeka, kama hina inavyokoza ikirudiwa mkononi. Mwanga unapita katika tando zote, unagonga weupe wa risasi kule chini, unarudi ukiwa umepunguzwa. Ndiyo maana shavu lake halina mahali pa kusema kivuli kimeanzia hapa.

Na kila utando ulipaswa kukauka kabla ya mwingine. Hapa vitu vinaungana: oksidi ya risasi iliyopikwa na mafuta huharakisha kukauka, na manganizi vivyo hivyo. Fundi aliyeamua kufunika uso kwa tando nyingi kiasi hiki alihitaji mafuta yasiyomkalisha mwezi mzima kwa kila moja. Hata hivyo alisubiri. Kazi ilipumzika ukutani, ikarudishwa, ikapumzika tena. Mara nyingine alitumia kidole au kiganja kulainisha rangi mbichi. Alama za vidole zimeonekana katika picha ya Ginevra de' Benci iliyoko Washington, aliyoitengeneza miaka ishirini na mitano hivi kabla ya Bi Lisa, na katika ile ya Kraków. Ziko pale hadi leo, ngozi ya mtu imebonyea katika mafuta yaliyokauka.

Sasa turudi kwa yule wa pili, aliyekuwa na ubao wa mjozi. Naye aliona ua ule ule, mwanga ule ule. Alikuwa na mchoro mmoja na mwalimu. Mafuta pengine yalitoka chungu kimoja. Ukizitazama picha mbili pamoja, hata katika kitabu, tofauti haitafutwi. Uso wa Madrid una kingo. Pua inaishia mahali, mdomo una mpaka, shavu limepakwa kwa rangi nzito yenye kuziba, vivuli vimewekwa mara moja na kuachwa. Ni kazi nzuri, safi, ya kijana anayejua kazi yake. Mpaka wa mtandio begani ameutunza vizuri, na nafikiri kuna mambo ya mavazi ambayo leo tunayaona kwake tu, kwa vile vanishi ya Louvre imegeuka manjano na kuzamisha rangi. Anayetaka kujua gauni lile lilikuwa la rangi gani mwaka 1503 aende Madrid. Hata nyusi, ambazo Vasari alizisifu ingawa picha hakuiona kamwe kwa macho yake, ziko kule.

Kilichomtofautisha mwanafunzi na mwalimu, basi, hakikuwa siri aliyofichwa. Alikuwa na kila kitu mkononi. Nadhani kilikuwa uvumilivu wa kuendelea kuona. Mwanafunzi aliiona sura, akaipaka, akaimaliza. Mwalimu kila aliporudi aliona kwamba kivuli cha jana bado kina ukingo. Francesco del Giocondo hakuipata picha ya mkewe. Leonardo aliichukua, na alipovuka milima ya Alpi kwenda Ufaransa mwaka 1516 kwa mwaliko wa mfalme Francis wa Kwanza, alikwenda nayo.

Ni nani aliyepaka ya Madrid? Wengine wanamtaja Salai, wengine Melzi. Kwangu tarehe zinampunguzia Melzi nafasi, kwa maana picha ilipoanzwa Florence alikuwa bado hajamjua Leonardo, lakini Salai naye kazi zake zenye uhakika ni chache mno za kulinganisha. Prado wanaiandika kuwa ya karakana ya Leonardo, na nawaunga mkono. Jina la karakana ndilo mteja wa mwaka ule angelilipia.

Oktoba 1517 Kardinali Luigi wa Aragón alipita Amboise, akamtembelea mzee katika nyumba aliyopewa na mfalme. Karani wake, Antonio de Beatis, aliandika katika kumbukumbu za safari kwamba walionyeshwa picha tatu, mojawapo ya bibi wa Florence. Akaongeza kwamba mkono wa kulia wa Leonardo ulikuwa umepooza, kwa hiyo isitarajiwe tena kazi nzuri kutoka kwake. Hakuweza kupaka rangi kwa ule ulaini wa zamani, lakini bado alichora, na bado alifundisha wengine. Tena alikuwa amemlea vizuri kijana mmoja wa Milan, ambaye, kwa maneno ya karani huyo, alifanya kazi vizuri sana.